Kabla Kibao Hakijapata Shingo

Makanyagio, Mpanda
Jumapili mchana

Mpendwa dada Spesioza,

Nakuandikia hadharani kwa sababu sijui nikuandikie wapi. Barua ya posta inataka sanduku na mji, na mimi ninalo jina lako tu, na la baba yako, na nchi ambayo redio ikiitaja huwa naacha sufuria jikoni nije kusikiliza. Basi nimeamua atakayeisoma na aisome. Huenda kati ya hao yupo anayekufahamu, akuambie kwamba yule Kabula wa Kidato cha Kwanza, Msukuma asiyeongea, bado yupo Mpanda, na leo anaogopa.

Kibao kiko mezani mbele yangu. Ni kipya, kimepigwa randa, bado kinanuka mninga. Fundi amekitoboa vizuri na kukitia kamba ya katani. Kesho asubuhi mstarini kitapata shingo ya kwanza, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukivisha. Nimefua, nimeanika, nimefagia uwanja ambao ulikuwa safi, na mwisho nimekosa kazi nyingine ya kukimbilia. Ndipo nikachukua kalamu.

Wewe huhitaji kuelezwa kibao ni nini, lakini wengine watakaosoma wanahitaji. Shuleni kwetu siku zile, ukisikika unaongea Kiswahili au lugha ya kwenu, unavikwa kibao shingoni. Unatembea nacho mpaka umkamate mwenzio naye akiteleza, umvishe yeye. Atakayekutwa nacho jioni mstarini anachapwa, halafu anasimama mbele ya shule nzima aeleze kwa Kiingereza alisema nini na kwa nini alisema. Fimbo niliizoea tangu shule ya msingi. Hilo la pili ndilo lililokuwa linaninyima usingizi.

Unakumbuka tulivyoingia pale. Miaka yote ya shule ya msingi tulisoma kila kitu kwa Kiswahili, ambacho nacho kwangu kilikuwa cha kujifunza, maana nyumbani kwetu kwenye ng'ombe ni Kisukuma tangu asubuhi mpaka kulala. Kiingereza kilikuwa kipindi cha kuimba rangi na siku za wiki. Halafu asubuhi moja ya Kidato cha Kwanza mwalimu wa Baiolojia akaingia, akageukia ubao, akaongea mpaka kengele ikalia. Mimi niliandika tarehe tu. Baadaye sana, nilipoona mchoro kwenye daftari la mwenzangu, ndipo nikajua kwamba siku ile alikuwa anafundisha tumbo la ng'ombe. Mimi, mtoto wa mfugaji, niliyeosha matumbo ya ng'ombe kwa mikono hii, nilikaa pale kama gunia.

Wiki ileile niliitwa nisome kwa sauti. Unajua Kisukuma chetu hakina ile herufi ya kutetemesha ulimi, kila mahali sisi tunaweka l. Sikufika mbali darasa likaanza kucheka. Mwalimu naye akacheka, wala si kwa ubaya, alicheka tu kama angecheka mtu yeyote. Nilikaa chini kabla sijaambiwa. Tangu siku hiyo nikagundua njia ya kukikwepa kibao, nayo ni kutoongea kabisa. Asiyefungua mdomo hakamatwi. Ningeweza kumaliza siku nzima bila neno, naitikia kwa kichwa, na walimu wakaandika kwenye ripoti yangu kwamba nina nidhamu nzuri.

Baba yangu aliisikia ripoti hiyo akafurahi, lakini si nidhamu aliyonipelekea shule. Alikuwa amehama na mifugo kutoka kaskazini, na kila aliponunua dawa ya ng'ombe maandishi ya kwenye chupa yalikuwa ya Kiingereza. "Wauzaji wananisomea wanavyotaka wao," aliniambia. "Nataka anisomee mtu wangu." Nikirudi likizo ananikalisha mbele ya wageni. "Haya, sema Kizungu wakusikie." Nami nakumbuka ghafla kwamba maji yameisha mtungini, nachukua ndoo natoka.

Mtu wa kwanza kuniuliza swali lenyewe ulikuwa wewe. Ulikuja siku ya Jumamosi kutoka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, una begi la kitambaa na mchi begani, nguo zako zinanuka tumbaku ya kwenye bani la baba yako la kukaushia. Mama Sikujua alikuwa ametupangisha chumba cha uani, na kwa kuwa alikuwa muuza vitumbua, alitaka tumtwangie mchele kila tukitoka shule. Mama wa Kikonongo yule, mdomo kama redio na moyo wa kumlisha kila anayepita. Ulichelewa kuanza shule, ulikuwa mkubwa kwangu, nikakuita dada tangu siku ya kwanza.

Ulinitazama siku chache, ukiwa unanisikia nyumbani naongea na Mama Sikujua vizuri tu, na shuleni sina sauti.

"Kabula, wewe una ugonjwa?"

"Hapana, dada."

"Sasa mbona mwalimu akikuita unakuwa hivyo?"

"Watacheka."

"Watacheka, halafu?"

Kwenye hiyo "halafu" nilikuwa sijawahi kufika. Ukanipa mchi. "Shika. Tutwange."

Anayesoma hapa kama hajawahi kutwanga na mwenzake aelewe kwamba kinu kimoja kinachukua michi miwili. Wangu ukishuka wako unapanda, wako ukishuka wangu unapanda, na mkikosea kidogo michi inagongana na vidole vinaumia. Ukaniwekea sheria yako. Kila mchi unaposhuka, mwenye mchi aseme neno moja la Kiingereza. Mimi neno, wewe neno, mpaka sentensi iishe. Hakuna kusimama. Neno likikosekana tia la Kiswahili, tia la Kisukuma, tia jina la mbuzi, ilimradi mchi ushuke na sauti itoke.

Siku ya kwanza tuligongana mpaka mchele ukamwagika. Nilikuwa nasimama kufikiri. Nikitaka kusema neno naliangalia kwanza, naligeuza, nalikagua kama ninunuaye nyanya, na wewe mchi wako umeshafika. "Usifikiri," uliniambia. "Sema. Likiwa bovu litapita, langu linakuja." Siku kadhaa baadaye nikagundua kitu cha ajabu, kwamba kishindo cha kinu kilikuwa kinafunika makosa yangu. Hata wewe hukuyasikia yote. Nilikuwa naongea mahali ambapo hakuna anayenisikiliza ili anikamate, na maneno ambayo darasani yalikuwa hayapatikani yalianza kutoka yenyewe, yamepinda, mengine hayana mkia, lakini yanatoka.

Mama Sikujua alikuwa anapita na ungo wake anatutazama. "Nyie watoto, mnanitwangia mchele au mnanitwangia Kiingereza? Vitumbua vyangu visije vikagoma kuliwa na Wakonongo." Akatuita Wazungu wa kinuni, na jina likashika mtaani.

Tulichekana sana. Kirundi chenu kinataka r palipo na l, na mimi ninaweka l palipo na r. Ulisema kwamba tungeunganishwa vinywa angepatikana Mwingereza mmoja mzima. Nilicheka mpaka nikaacha mchi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza niliucheka ulimi wangu mwenyewe, na ukiucheka mwenyewe, kicheko cha wengine kinapungua makali.

Lakini kuna siku ulisema jambo ambalo sikucheka. Nilikuuliza kwa nini unakipenda Kiingereza, wakati mimi nakiogopa. Ukasema, "Kwa Kiswahili wewe uko kwenu, mimi mgeni. Nikifungua mdomo sokoni watu wanajua mimi ni mkimbizi. Kwa Kiingereza wote wageni, Kabula. Wewe mgeni, mimi mgeni, mwalimu mgeni. Nani atamfukuza mwenzie?" Nilikuwa sijawaza kwamba na wewe una kimya chako. Mama yako alikuwa amekufundisha tangu mdogo kwamba ukiwa nje ya Katumba usiongee sana njiani, kwa sababu kibali cha kutoka makazini kikiwa kimepitwa na siku, ulimi ndio utakaokuchongea.

Sasa ile jioni. Nilijikwaa bombani, kidole kikafunguka, nikamwita mama kwa Kisukuma. Ndiyo sauti pekee niliyotoa tangu asubuhi, na aliyekuwa na kibao alikuwa ananifuata kwa karibu, akanivisha. Kengele ya mstari ilikuwa karibu kulia. Nilisimama nyuma ya darasa na kile kibao kifuani, damu inatoka kidoleni na siisikii, kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kueleza kwa Kiingereza, mbele ya shule nzima, kwamba nimemwita mama. Hakuna neno lililokuja. Nilitaka kukojoa. Nilifikiri kuruka michongoma niende moja kwa moja porini kwa baba.

Ukaja. Ukasimama mbele yangu, mikono nyuma, ukasema kwa sauti ya kusikika na wote waliokuwa pale, "Mwiriwe, Kabula." Kwa Kirundi. Halafu ukainamisha shingo.

Nilikataa. Nilitikisa kichwa, unakumbuka, nikakishika kibao kwa mikono miwili. Ukakivua mwenyewe, taratibu, usiniumize nywele, ukakivaa, ukaenda kusimama mstarini mahali pako.

Mwalimu wa zamu alikuuliza ulisema nini. Ukaeleza kwa Kiingereza, bila haraka, mguu wako wa kulia unapiga chini kidogo kidogo kama tukiwa uani. Ulisema kwamba kwenu jua likishapita kichwani mnaulizana mmeshindaje, na mnatakiana jioni iwakute wazima. Ulisema ulitaka kujua kama rafiki yako ameshinda salama. Mwanzoni walicheka zile r zako, baadaye kicheko kikaisha katikati, ukawa unaongea peke yako. Ulichapwa vilevile. Kiganja chako kilivimba, na jioni ile nilitwanga peke yangu, ukiwa umekaa kwenye kigoda unanipa neno lako kwa mdomo kila mchi wangu ulipokuwa juu.

"Kwa nini ulifanya vile, dada?"

"Fimbo naijua," ulisema. "Wewe kukaa kimya tena, hicho sikitaki."

Nilikulipa mara moja tu, na hata siyo kulipa, nilifanya kwa hofu. Tulikuwa tunatoka kuchukua mchele karibu na stesheni, siku ya treni, watu wengi. Mgambo akatusimamisha. Alituangalia akaacha kuniangalia, akabaki na wewe. "Wewe. Umetoka wapi?" Nilijua kibali chako kimeisha wiki iliyopita, na barua ya shule iko chumbani chini ya godoro. Ulitazama chini. Nikataka kujibu mimi, akanyoosha kidole. "Sijakuuliza wewe. Aseme mwenyewe nimsikie."

Nimsikie. Nilijua anataka kusikia nini. Basi mguu wangu ukaanza kupiga chini. Sikuupanga, nakuapia. Nikatoa neno moja la Kiingereza, nikakuangalia. Ukatoa la pili. Mimi la tatu. Tukasimama pale barabarani, magunia vichwani, tukazungumza kuhusu mchele, na Baiolojia, na Mama Sikujua kutusubiri, neno kwangu neno kwako, kama watu waliozaliwa nacho. Sijui tulikosea mangapi. Mgambo naye hakujua. Alimtazama huyu, akamtazama huyu, akasogeza kofia nyuma. "Kumbe wanafunzi," akamwambia mwenzake. "Waache wasomi waende."

Tulitembea mpaka kona ya Makanyagio bila kugeuka. Ulipoufungua mlango wa uani ukakaa chini na gunia lako, ukalia, nami nikalia. Mama Sikujua akaja akidhani tumeibiwa. Ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza niliongea Kiingereza nje ya kinu. Sikukiogopa kwa sababu kulikuwa na kitu kingine cha kuogopa zaidi, nacho kilikuwa wewe kuchukuliwa.

Halafu mkaanza kusema habari za kurudi. Baba yako alisema kwenu kumetulia. "Kwenu," ulisema, na ukatoa ile pumzi ya kucheka isiyo na kicheko, kwa sababu ulizaliwa Katumba na hukuwa umewahi kukanyaga huko. Ulikuwa unaogopa, dada. Wewe ambaye sikuwahi kukuona unaogopa mwalimu wala fimbo. "Huko shule ni Kifaransa," uliniambia. "Nitaingia darasani, wataongea, nitaandika tarehe. Nitakuwa wewe." Nilijaribu kukuambia kwamba utapata kinu. Badala ya kumaliza nikakupa mchi.

Siku ya mwisho tulitwanga asubuhi. Mama Sikujua alisema tuache, tusijichoshe, hatukumsikia. Sentensi yetu ya mwisho ulikuwa unaijenga wewe zaidi yangu. Ilikuwa inasema kwamba ukifika utaniandikia, na kwamba mimi. Mchi wako ulishuka na hilo neno "mimi", wangu ulikuwa juu, na lori likapiga honi barabarani. Ukauegemeza mchi wako ukutani. "Nitunzie," ulisema. "Nikirudi tutaanzia hapo. Zamu ni yako, usisahau." Nikabaki nimeushika wangu hewani kama mjinga.

Barua haikuja. Haikupita muda redio ikatangaza kwamba kwenu kumechafuka tena. Sitaki kuandika niliyoyasikia siku zile. Watu wakaanza kuvuka kuja upande huu. Nilikwenda Katumba kwa baiskeli ya kuazima, nikauliza kwa majirani zenu, nikauliza kwa waliokuja wapya. Mama mmoja alisema ameona familia kama yenu barabarani. Mwingine alisema hapana, hao ni wengine. Bani la tumbaku la baba yako lilikuwa limeezuliwa nyasi. Tangu hapo nimeishi na hofu isiyo na jibu, na nimejua kwamba hiyo ni mbaya kuliko ile ya darasani, kwa kuwa ya darasani ina kengele.

Mimi nilimaliza Kidato cha Nne. Nilimsomea baba chupa zake zote, akakataa kumwamini muuzaji tena maisha yake. Halafu nikaenda ualimu, na sasa nafundisha shule ya msingi hapahapa mjini. Kiingereza. Cheka kwanza, nitakusubiri.

Nikiwa peke yangu na watoto naongea. Nimewafundisha kupiga makofi kwa kupokezana, upande huu neno, upande ule neno, kwa sababu vinu thelathini sina. Lakini mtu mzima akisimama mlangoni ulimi wangu unarudi kuwa uleule wa zamani. Sijathibitishwa kazini bado, na kila anayeingia namwona amekuja kunisikia. Sikupona, dada. Nilijifunza tu kuongea huku naogopa.

Ninaye mtoto anaitwa Tabu. Ameletwa na shangazi yake kutoka Kapalamsenga, amezoea ziwa na Kibende chao, hapa mjini anakaa dirishani kabisa. Ukimwita anatazama vidole vya miguu, midomo inacheza, sauti hakuna. Namjua mtoto yule kuliko anavyodhani. Juma lililopita tulikuwa tunapiga makofi, zamu ikamfikia, na kabla hajakumbuka kuogopa likamtoka neno la Kiingereza la samaki. Safi kabisa. Darasa zima lilimgeukia. Alijishika mdomo, halafu akatabasamu chini ya mkono. Ndipo Mwalimu Mkuu akaingia kuuliza hii ni shule au ni ngoma.

Si mtu mbaya. Na yeye anaogopa. Wakaguzi wanakuja kesho, na safari iliyopita waliandika kwamba watoto wetu hawafungui mdomo. Aliniita ofisini. "Mwalimu Kabula, mimi nilijifunza kwa kibao," alisema, kwa Kiswahili, kama anavyoongea na mimi siku zote. "Hawa bila kubanwa hawasemi. Nenda kwa fundi, kitengenezwe, Jumatatu tuanze. Wakaguzi waone tunafanya kitu." Nikasema ndiyo, mwalimu. Midomo yangu ilisema. Nilipofika mlangoni akaongeza kwamba safari hii hatakubali ujanja wa kunyamaza. Asiyeongea kabisa avae naye. "Na tuanze na yule bubu wa dirishani. Mvishe mstarini, wenzake wajifunze."

Njia yangu ile ya zamani ya kujificha, Tabu hanayo. Imezibwa, na mkono wa kumvisha ile kamba ni wangu.

Nimefikiria kuugua kesho. Nimefikiria kukitia kibao jikoni na kusema fundi amechelewa, lakini Mwalimu Mkuu alipita hapa jana akakiona, akakisifu. Nimefikiria kumwendea nimweleze juu ya kinu, na nimejiona nimesimama mbele ya meza yake nikisema ndiyo, mwalimu. Kila nilipogeukia nilikuta hofu. Mwisho nikakukumbuka umeinamisha shingo.

Kibao ni kimoja, Spesioza. Kikiwa kwenye shingo moja hakiwezi kuwa kwenye nyingine. Kesho watoto wakishapanga mstari, kabla Mwalimu Mkuu hajamtaja Tabu, nitapita mbele na kusema kwa sauti, "Mwaramutse." Kirundi chako cha asubuhi. Halafu nitakivaa mwenyewe, ndivyo sheria inavyosema. Na sitamtegea mtoto wala mwalimu nimkamate. Nitafundisha nacho, nitakunywa nacho chai, nitashinda nacho kifuani mpaka kengele ya jioni, na mpaka saa hiyo watoto wote wa shule watakuwa wameshinda na shingo zao.

Sijui Mwalimu Mkuu atafanya nini mbele ya wageni. Sijui kama nitathibitishwa kazini, au nitarudishwa kwa ng'ombe. Na jioni, sheria ni sheria, nitasimama mbele ya shule nzima na wakaguzi nieleze kwa Kiingereza nilisema nini na kwa nini nilisema. Nimejaribu hapa chumbani mbele ya ukuta, sentensi ya kwanza ikatoka, ya pili ikakwama katikati. Mama Sikujua, ambaye bado ananipangisha chumba kilekile cha uani na sasa magoti yanamsumbua, nimemweleza yote. Akaangalia kibao, akaniangalia mimi. "Wewe mzungu wa kinuni," akasema, "kama ni kuogopa, kaogopee hukohuko mbele ya watu. Hapa kwangu umeogopa inatosha."

Mchi wako nimeutunza. Uko nyuma ya mlango, nimeupaka mafuta ya mawese usipasuke. Kesho nitakwenda bila mchi, lakini mguu nitakuwa nao. Nitaupiga chini kidogo kidogo. Nitawaambia kwamba hiyo ni salamu niliyofundishwa na dada yangu, na kwamba siku moja aliitumia kunitoa kibao shingoni. Nitawaambia mtoto wangu mmoja anajua jina la samaki. Likiwa bovu litapita.

Na baada ya hapo nitaimalizia ile sentensi yetu, kwa Kiingereza, hadharani, wasipoelewa wasielewe. Kwamba ukifika utaniandikia, na kwamba mimi bado nipo hapahapa. Nikishasema nitanyamaza kidogo, kiasi cha mchi mmoja kupanda na kushuka. Watadhani nimekwama.

Hapo nitakuwa nakusikiliza, dada. Zamu itakuwa yako.

Jioni ikukute mzima, popote ulipo.

Mdogo wako wa kinuni,
Kabula